Ukoga wa Birika

Maji ya Würzburg hayaondoki moja kwa moja.
Yanakuja, yanachemka, yanamwagwa,
na nyuma yao yanaacha kitu, kama mgeni
asahauye mwavuli makusudi, apate sababu ya kurudi.

Sabuni haitoi povu. Chai hufunga utando
unaopasuka kama barafu ya mtoni mwezi wa tatu.
Mwaka wa kwanza Eckart alidhani nimeliunguza birika.
Mwaka wa pili tulinunua jipya.
Mwaka wa tatu Siglinde Kehrbach wa mlango wa pili
akagonga, chupa ya siki mkononi, akatucheka:
"Mnalihurumia la nini? Hilo ni jino. Lisugueni ukoga."

Tangu hapo kila Jumamosi nyumba ilinuka achari.

Siglinde ana mjomba mwenye shamba la mizabibu
kule juu, mteremko wa kusini. Huyo husema
zamani mno, kabla ya mtu, hapa palikuwa bahari,
kome na chaza wakafa tabaka juu ya tabaka
wakawa jiwe, na jiwe ndilo linaloupa mvinyo ladha.
Kwenye chupa amelitaja jiwe hilo kwa wino wa dhahabu.
Juu kilimani jiwe ni sifa, lina bei.
Huku ghorofa ya tatu jiwe hilohilo ni deni.

Mkataba, kifungu cha kumi na nne:
mpangaji atarudisha mabomba yote bila chokaa.

Leo Alhamisi. Jumatatu nakabidhi funguo.
Eckart hayupo tangu Februari, na kodi ya watu wawili
haibebwi na pensheni ya mtu mmoja.
Nimepiga magoti bafuni na mswaki wa zamani;
vipande vya limau nimevifunga bombani
kwa soksi zake za sufu, kama anayefunga kidonda.
Haba na haba hujaza kibaba, sawa.
Pia huziba bomba la manyunyu,
tundu moja baada ya jingine, mpaka maji
yanarukia pembeni na kulowesha taulo na dari.

Siki ikikutana na jiwe husikika.
Ssss, sauti ndogo,
kama mtu anayejizuia kujibu.

Vigae vimetakata. Bomba linang'aa hadi linaniona.
Kwenye rafu, chini ya kioo, limebaki duara jeupe
sawasawa na kitako cha bilauri:
hapo alilaza meno yake kila usiku,
miaka kumi na mmoja, bilauri ikichuruzika.
Duara hilo lilituletea ugomvi.
"Weka kitambaa chini, wewe mwanamume."
Hakuweka.

Nimelimiminia siki.
Kisha nimeifuta upesi kwa mkono wa shati,
kama mtu aliyeimwagia barua chai.

Jumatatu.
Dürnagel mwenye nyumba amevaa miwani
juu ya miwani. Anapitisha kidole. Anafungua, anafunga,
anaandika. Anafika kwenye rafu.
"Na hili?"
Nilikuwa na hotuba: kwamba kilima si changu,
bahari haikuwa yangu, maji nimeyalipia kwa mita
na jiwe nikaletewa bila kuliagiza.
Hotuba yote ikaganda kooni.
"Hilo ni la mume wangu," nikasema.

Akaliinamia. Akalikwangua kwa ukucha, likakataa.
Akaandika: rafu moja, euro thelathini na tano.
Halafu, bila kuinua uso,
akaniuliza kama nina bisibisi.
Skrubu nne. Ya mwisho ilikuwa imeshikwa na chokaa,
tukaichovya siki, tukangoja pamoja
tumesimama bafuni, hatuna la kuongea.
"Umeshailipia," akasema. "Ichukue."

Nimeipakata kwenye tramu, imefungwa taulo,
duara likitazama juu.
Chumba kipya kiko ng'ambo ya Main.
Sijauliza maji yake yakoje.
Siki ninayo.