Tone la Thelathini

Wiki ya kwanza tulikata vitunguu.
Mwalimu Kokuhirwa alisimama mlangoni, leso mkononi,
akangoja darasa zima lilie:
wanafunzi saba, chumba cha juu ya duka la nyavu, Kirumba.
"Sasa andikeni," alisema,
"kinachowatoka, kwa pua ipi, kinawasha au hakiwashi.
Kinachomliza mzima ndicho kitakachomfuta machozi mgonjwa.
Mlilisikia nyumbani kabla hamjanilipa ada."
Tukaitikia kwa makamasi:
dawa ya moto ni moto.

Wiki ya tano tukafundishwa kupunguza.
Tone moja la dawa, tisini na tisa ya maji,
gonga mara kumi juu ya kitu kigumu chenye ngozi.
Chukua tone moja la hayo. Tisini na tisa tena. Gonga.
Mara thelathini.
Mimi niliyelelewa na haba na haba hujaza kibaba
nikajifunza kukimwaga kibaba
hadi isibaki haba ya kusimulia.
Nagongea daftari la babu la mizani ya pamba,
jalada la ngozi, kurasa zingali na harufu ya kinu.

Kaka yangu Shija yuko maabara, Sekou Toure.
Alichukua kalamu, akahesabu nyuma ya risiti ya umeme.
"Tone lako la thelathini, dada,
ukilitafutia ziwa hili lote, Kagera mpaka Kisumu,
ziwa halitoshi."
Niliikagua hesabu yake mara mbili nikiwinda kosa.
Halikuwemo.
Na ada nilikwisha lipa, kwa cherehani ya mama.

Mwezi wa tisa nikapewa mgonjwa wangu wa kwanza,
Ngolo Luhende, mponda kokoto wa Mabatini,
pamoja na fomu ya kurasa kumi na nne.
Kiu yako ni ya maji ya moto au ya baridi?
Unalalia ubavu gani?
Ngurumo zikianza upande wa Ukerewe, unafanya nini?
Alinitazama kama mtu anayeulizwa bei ya kitu asichokiuza.
Kisha akaanza kujibu.
Hulalia wa kulia; akilalia wa kushoto kifua kinaamka.
Ngurumo akizisikia huhesabu ndoo.
Na usiku mikono yake haina habari kwamba jua limezama,
inaendelea kuponda, taratibu, juu ya shuka,
hata mumewe amehamia mkekani.
Hajamwambia mtu.
"Huwa wanauliza panauma wapi," alisema.
"Mikono haiumi."

Nikafungua kitabu, nikaiona: silika. Jiwe!
Vumbi lile lile lililomjaa kifuani,
lisagwe, lipunguzwe, ligongwe mara mia tatu.
Niliinuka kwa furaha, goti likapiga meza.
Mwalimu akaisoma fomu. Kidole chake kikateremka,
kikalipita jiwe, kikaipita mikono,
kikatua ukurasa wa tisa, nilipoandika kwa haraka:
makohozi, mara nyingine yana uzi mwekundu.
"Umeuliza vizuri," alisema. "Umesikia vibaya.
Bajaji ziko chini. Picha ya kifua kwanza, leo hii.
Jiwe lako lingoje. Mawe hayana haraka."

Shija ndiye aliyekipokea kikopo cha makohozi.
Jioni aliniuliza, viatu bado mguuni, bila kejeli,
"Mlimpa nini, ninyi?"
Saa moja na nusu, nikamwambia.
Akanyamaza. Kwenye foleni yao mtu hupata dakika nne.

Sasa Ngolo anameza vidonge vyake vya miezi sita.
Alhamisi, akitoka kliniki, hupanda ngazi kunitazama nikigonga.
"Kumbe na wewe unaponda?"
Naponda maji, mama.
"Kokoto zake wanajengea nini?"

Sijampa jibu. Mtihani ni mwezi wa sita.
Kwenye fomu yake mstari wa dawa ungali mweupe,
na mpangaji wa chumba cha pili,
kila nikikaribia tone la thelathini,
hugonga ukuta:
"Wewe fundi! Lala."