Glasi ya Mama Eduvina

Kilima cha Mariposas, nyumba ya mbao iliyovishwa bati,
na sakafu ambayo ukikohoa huku
kiti kinaitikia kule.

Mama haamini kompyuta. Anaamini glasi.
Kila usiku huijaza maji hadi ukingoni, kando ya redio,
maana Valparaíso ardhi haipigi hodi,
na mtu aliyezaliwa hapa hujua kusoma maji
kabla hajajua kusoma saa.

Jumanne, saa tano za usiku, glasi ilicheza.
Viduara vidogo, vya haraka,
vikikimbizana kutoka katikati.
Mama alikwisha simama kwenye fremu ya mlango,
viatu miguuni, mkoba wa hati kwapani:
"Ismenia! Toka!"
Nami nilikuwa na hesabu za duka la mikate la don Eleuterio,
magunia kumi na manne ya unga yakining'inia kati ya safu mbili.
Mama, nikasema, si nchi. Ni hii.
Nikazima.
Maji yakatulia.
Akanitazama kama mtu aliyetapeliwa.

Kesho yake nikaanza kuifuata sauti hadi kwake.
Nikaliwekea kasha kiganja kichwani, kama unavyompima mtoto homa:
mngurumo ukashuka. Nikatoa mkono, ukapanda.
Nikakunja gazeti, nikalitandika chini yake:
likaacha kuigonga meza, likaendelea kulalamika.
Basi meza haina kosa. Ugonjwa uko tumboni.

Nikachomoa waya wa umeme, nikafungua ubavu.
Ndani, manyoya ya Pulga, paka wetu aliyekufa Machi,
bado yamelala penye joto.
Nikakaa kidogo.
Kisha nikayatoa kwa brashi ya rangi, taratibu,
na sikuyatupa yote.

Nikawasha tena, tumbo wazi.
Feni ya nyuma: nikaibonyeza kitovu kwa kifutio cha penseli,
ikasimama, kelele ikabaki.
Feni ya prosesa: kufumba na kufumbua tu. Kelele ikabaki.
Feni ya kisanduku cha umeme siigusi;
huyo namsikiliza kwa mbali, kwa adabu.
Mwisho nikachukua bisibisi ndefu,
ncha kwenye diski, mpini sikioni,
na hapo nikamsikia:
vuuum-tk, vuuum-tk,
mtu anayekimbia na kokoto ndani ya kiatu.

Skrubu moja.
Mahali pa nne, skrubu moja!
Nikamkumbuka Nolberto, fundi wa karibu na soko,
mwaka jana, dakika kumi, "huduma kamili", pesa mkononi.
Haraka haraka haina baraka, husemwa;
lakini yeye baraka zake alizipata,
mimi ndiye niliyebaki na haraka.

Kabla ya kukaza chochote nilinakili hesabu zote,
magunia, chachu, madeni ya wajane,
kwani diski iliyotikiswa mwaka mzima
haiwekwi amana.
Skrubu mbili zilikuwa kwenye kopo la vifungo la Mama,
ya tatu nikaing'oa kwenye kinanda cha kuchapia kilichokufa.
Pete za mpira nikazikata kwenye glavu ya kuoshea vyombo.
(Mpaka leo Mama anauliza
glavu gani hii yenye vidole vinne.)

Nikawasha.
Pumzi tu, kama ya mtu aliyelala kifudifudi.
Nikasikia friji. Nikasikia mbwa wa ng'ambo ya korongo.
Nikasikia bati likipoa.
Glasi ilikuwa imenyooka kama kioo,
na Mama akaisogelea, akaichungulia,
asiseme kitu. Hapo ndipo huwa ameridhika.

Ijumaa alfajiri, giza bado,
nilikuwa nimelipeleka kasha jikoni kulipangusa,
halina waya, halina uhai,
glasi ikaanza kucheza.
Polepole. Viduara vipana.
Vijiko vikajibizana ndani ya droo.
Na Mama, yule Mama wa viatu miguuni,
akageukia ukuta, akavuta blanketi:

"Ismenia. Zima hicho kidude chako."

Plagi ilikuwa sakafuni,
inatetema.