Hodi ya Umeme

Mama yako alifuma, Wietske.
Miaka kumi na tisa mbele ya mtambo,
hapa hapa Enschede, mashine zikinguruma
mpaka wanawake wakajifunza kuongea kwa midomo mitupu,
na uzi ulipokatika, aliujua kwa kidole
kabla jicho halijauona.
Kiwanda kilifungwa. Sasa ni nyumba za kupanga,
madirisha marefu, kodi ndefu zaidi.
Masikio yake yalibaki humo.

Wewe umerithi vidole.
Unachofuma hakionekani.

Saa nane na robo usiku.
Juu ya meza, kipande cha kioo kidogo kama stempu,
ndani yake mfereji mwembamba
hata unywele ungeomba radhi kupita.
Seli zinaingia kwa foleni,
moja, halafu moja, halafu moja,
kila moja imejifunika utando wake gubigubi,
na katika maji hayohayo, bega kwa bega nazo,
jeni: neno moja lililosahihishwa,
limesimama nje
kama mgeni asiyejua lugha ya nyumba.

Pale kooni pa mfereji unabisha hodi.
Si kwa ngumi. Kwa umeme,
mfupi kuliko kope inavyowaza kupepesa.
Utando unatoboka,
si mlango, vinyweleo tu,
mgeni anapenya,
na ukuta unajifumba nyuma yake
kama maji yanavyolisahau jiwe.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Waliosema hivyo walimtazama mgeni.
Nani alihesabu wenyeji waliofia kizingitini?
Harmen, mwenzako wa zamu ya mchana, anakumbuka
walivyozikusanya zote kikombeni
wakazipiga radi moja.
Nusu zilikufa.
Zilizobaki zilitetemeka siku mbili.
Waliandika daftarini: *imefaulu.*

Kisha, kiputo.
Kimoja tu, cha hewa,
kimekwama kooni kama mwiba wa samaki.
Nyuma yake foleni inasongamana,
shinikizo linapanda, namba zinageuka nyekundu,
na sampuli hii haina akiba:
vijiko viwili vya damu ya mtoto
usiyemjua jina, ila 0417,
na mwandiko wa muuguzi
aliyeikata saba kiunoni kwa mstari.

Mwongozo unasema: ongeza nguvu ya pampu.
Wewe unaizima.
Chumba kinanyamaza, jokofu peke yake linaguna.
Unauwekea mrija ukucha,
unaugonga, tk, unangoja,
tk,
kama mtu anayeamsha mgonjwa
na hataki aamke kwa hofu.
Dakika nne. Jasho la kwapani limepoa.
Kiputo kinajikunyata, kinateleza,
kinaondoka bila kuaga.

Kesho yake, chini ya mwanga wa buluu,
zilizompokea mgeni zinang'aa kijani,
kijani cha ndizi mbichi iliyooshwa.
Unahesabu. Unarudia.
Hamsini na nane kwa mia.
Kumi na moja zimekufa, nazo unaziandika,
kila moja kistari chake.
Thelathini na moja ziko hai na hazikusikia kitu.
Kama mtoto atapona, hesabu hii haisemi.
Kuna milango mingine mbele,
na mingine haina hata ukuta wa kubishia.

Nje mvua nyembamba, baiskeli zimelowa matandiko.
Unampigia mama kwa simu ya picha.
Geesje anatokea, paji la uso tu na nusu ya pazia,
mpaka anakumbuka kuishusha simu.
Huna haja ya sauti.
Unafungua midomo polepole, kama alivyokufundisha:
*Umepita.*

Anasogea karibu na kioo.
*Uzi?*

*Uzi.*

Anatikisa kichwa kukubali, kifundi,
kisha anauliza kama umekula.