Nafsi ya Tatu

Februari, Oulu. Saa kumi na moja jioni, taa za barabarani zimeshawaka.
Hilkka Rautaniemi, mpima dawa, amerudi kutoka kazini,
ameinjika viazi, ameshavisahau.
Ana maiti ya kufufua.

Tamthilia yenyewe ilikwisha mwaka juzi.
Wenye nayo walimuua Nahodha Vesmar dakika za mwisho,
haraka haraka, kama mtu azimaye taa ili awahi basi.
Hilkka hakukubali. Wasiokubali ni wengi;
yeye ana daftari.

Lakini amfufue kwa macho ya nani?

Usiku wa kwanza alimpa Vesmar mwenyewe.
*Nilisimama langoni. Upepo ulinipiga kifuani.*
Kurasa sita. Alipozisoma alijipapasa
kama mtu aliyefika mlangoni bila funguo.
Liko wapi lile kovu la kwenye nyusi?
Kiko wapi kicheko cha upande mmoja
kilichomkesha majira mawili ya baridi?
Nyani haoni kundule; nahodha naye haoni kovu lake.
Amemwingia ndani, amempoteza.

Basi akampa Iselde, mchumba.
Iselde aliona kila kitu, na kila kitu kilikuwa kizuri,
hata kikohozi. Apendaye, chongo huita kengeza.
Kufika ukurasa wa tatu Iselde alikuwa na maumivu ya shingo,
na mume aitwaye Reijo, aliyevuka kwenda Uswidi
kununua tairi, asirudi.
Hilkka akafuta. Reijo hakualikwa kwenye hadithi hii.

Usiku wa tatu akapanda juu ya paa la ngome,
akatazama kama Mungu. Akajua yote.
Hapakuwa na mtu anayemsubiri mtu.

Jana Aune alipiga simu kutoka Kemi, mkate mdomoni:
"Mpe yule anayemchukia."
Kwetu tungesema: mchawi mpe mwana akulelee.

Leo, basi, Sajini Dorrek.
Kwenye tamthilia alifungua kinywa mara mbili,
mara zote mbili kulalamikia farasi.
Hilkka akamwachia kalamu, na chuki ikaanza kuhesabu:
vifungo vinne, cha tatu kimeshonwa kwa uzi usiofanana;
kovu, refu kuliko mwezi uliopita, au ni mwanga;
mguu wa kushoto anauburura akidhani hatuoni;
anacheka kwa upande mmoja, wa pili kauweka akiba.
Anayetafuta ubaya wa mtu hapepesi.
Kurasa kumi na moja. Kwenye wa kumi na mbili
Dorrek yuko langoni, theluji magotini,
zamu yake imekwisha,
na haendi.

Hilkka akainua mkono. Hilo hakulipanga.

Moshi jikoni. Viazi vimekuwa makaa.
Anafungua dirisha, anarudi na koti begani,
anaandika sentensi moja:

*Akamfunika koti lake.*

Lugha ya Hilkka ni kama hii yangu:
"yeye" wake si mume wala mke, wala hanyooshi kidole.
Nani kamfunika nani? Koti la nani?
Aune atauliza. Aune hakosi kuuliza.
Hilkka anaiacha ilivyo.

Nafsi ya tatu, husema vitabu vya sarufi.
Vesmar moja. Dorrek mbili.
Analivuta koti. Baridi imeingia.