Gegedu

Ghorofa ya sita, Pipeline. Lifti haijazaliwa.
Miaka tisa Mutheu ametupandishia maji,
mtungi wa lita ishirini, shilingi thelathini,
vidato tisini na sita: nimevihesabu leo.

Goti lake lilianza kusema mwezi wa Machi,
kwaru, kwaru, kama kiatu juu ya kokoto.
Hospitalini wakamwonyesha kwenye picha
weupe mwembamba kati ya mfupa na mfupa,
kama ule tunaotafuna kwenye ncha ya paja la kuku.
"Gegedu halina damu," akaambiwa.
"Hula ukitembea, hunywa ukikunja mguu.
Likilika, halioti."

Mutheu akacheka: "Langu limekula ngazi."

Jioni napanda na mtungi wangu.
Kidato cha arobaini
goti linaniuliza jambo
ambalo sikuwahi kumuuliza yeye.