Buluu ya Jikoni

Walinipigia saa nane za usiku:
njoo na chupa zako, Bogumiła,
kuna jiko huku Suraż, na mke wa mtu haonekani
tangu Jumatano ya Wiki Takatifu.

Theluji ya mwisho ilikuwa imegeuka tope.
Mume, Zdzisław, alikaa kwenye ngazi,
mikono magotini, kama mtoto anayesubiri sindano.
Hakuuliza chochote.
Hilo nalo wakaliandika.

Nikasema: zimeni taa.
Nikapulizia luminoli meza, sakafu, ukingo wa sinki,
na giza likajibu.
Buluu. Buluu baridi imetapakaa mezani,
imechuruzika mguu wa meza hadi kwenye mbao.
Sajini akashusha pumzi: “Tumempata,”
na pingu zikalia kabla sijafunga chupa.

Mimi ni mtu wa kuuliza mara mbili.
Nikainama, nikanusa, jambo ambalo mwongozo unakataza.
Pua ikawaka. Machozi yakanitoka.
Chrzan!
Ule mzizi mweupe wa Pasaka,
unaokunwa, ukatiwa siki, ukaliwa na yai,
wenye kimeng'enya
kinachoilaghai luminoli sawasawa na damu.
Kikunio kilikuwa nyuma ya ndoo,
meno yake bado yameshika nyuzi.

Maabara ya Białystok, alfajiri ya Ijumaa Kuu.
Nikadondosha maji ya pamba kwenye kipimo
kinachoijua damu ya binadamu peke yake,
nikangoja dakika kumi na kikombe cha chai iliyopoa.
Mstari mmoja.
Wa pili haukuja.
Nikarudia. Haukuja.

Nikaandika: Si damu.
Nikapiga muhuri.
Sajini akasoma, akageuza karatasi
kana kwamba nyuma yake pana jina la mtaa.
“Basi yuko wapi?”

Kemia haijui.
Kemia inajua kwamba mtu alisimama pale mezani,
akakuna mzizi wa kutosha watu wanane
katika nyumba ya watu wawili,
na kwamba huenda alilia, kwa ukali wake
au kwa jambo jingine.
Chumvi ni chumvi. Kipimo cha kuyatenga machozi hayo sina,
na sikuyaandika.

Zdzisław alipofunguliwa pingu
alisugua vifundo vya mikono, akaniuliza, taratibu,
swali lake la kwanza:
je, ule wa kwenye bakuli
bado unafaa kuliwa?