Kijivu Kidogo

Kutaisi, Januari. Mama kavaa makoti mawili,
anachora kwenye kioo cha kompyuta
herufi ile inayoanza neno la divai,
herufi isiyo na pembe hata moja.

Kioo hakijui kupinda.
Kinajua vijimraba tu: cheupe, cheusi, basi.
Kila mviringo unaota meno ya msumeno,
kiuno cha herufi kimekuwa ngazi ya kupandwa na sisimizi.

Jana alivipunguza vijimraba, akavisongamanisha.
Meno yakawa madogo. Lakini jino ni jino.

Leo anapita ukingoni, kimoja kimoja, akiuliza:
wewe, herufi imekukalia kiasi gani?
Robo: kijivu cha moshi.
Nusu: kijivu cha majivu.
Robo tatu: wingu la mvua juu ya mto Rioni.

Otia wa matbaa akainama, pua nusura iguse kioo.
“Umeichafua, Mzevinari. Wino umekuvujia.”
“Rudi nyuma.”
“Mpaka wapi?”
“Mpaka jikoni.”

Akaenda kinyumenyume, akagonga birika,
akanyamaza.
Kutoka kule herufi ilikuwa laini
kama mgongo wa kijiko.

Mimi, miaka tisa, nilikuwa nimeshika mshumaa tayari,
maana umeme wetu haukuwa na desturi ya kuaga.
Ukaondoka. Mama hajahifadhi kitu.

Otia akatukana taratibu, kwa heshima ya nyumba.
Nikatafuta kiberiti,
na gizani nikamsikia mama
ameshaanza upya, kwa kidole, juu ya meza:
robo, nusu,
robo tatu.